"Ajali haina kinga" isiwe kisingizio cha madereva

KATIKA lugha yetu iko methali moja ambayo madereva wameifanya mali yao. Gari likimgonga mtu, likiingia mtaroni au likikiparamia kibanda cha mama lishe, utamsikia dereva, au tajiri wake, na pengine hata abiria waliokuwa wakimshangilia alipokuwa akienda mbio, akisema kwa upole: "Ajali haina kinga." Maneno hayo yakishatamkwa, mazungumzo hukoma. Aliyegongwa hupelekwa hospitali na ndugu zake, gari hupelekwa kunyooshwa bodi, na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake kana kwamba methali imekwisha kutoa hukumu.

Wahenga hawakutuachia maneno hayo ili tumsamehe mzembe. Walitaka kumfariji aliyefikwa na jambo asilolitarajia. Methali inasema kwamba binadamu hawezi kuizuia kila ajali. Haisemi hata kidogo kwamba baada ya ajali kutokea hapana mtu mwenye wajibu. Makala haya yanataka kueleza kwamba, hata kama ajali yenyewe haina kinga, hasara yake inayo kinga, na sheria za nchi yetu zimeiweka kinga hiyo katika sehemu mbili. Ya kwanza ni dereva kusimama na kujitambulisha. Ya pili ni gari kuwa na bima. Sehemu hizo ni mbili kwa hesabu tu. Kwa majeruhi ni kitu kimoja, kwa sababu moja bila ya nyingine haimfai kitu.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa shule ya msingi anatoka kazini jioni, akiendesha baiskeli yake pembezoni mwa barabara kuu. Gari dogo linamgonga kwa nyuma, naye anaanguka na kuvunjika mguu. Atalala hospitali kwa majuma mengi, na huenda asiweze tena kusimama mbele ya ubao kwa saa nzima. Ana mke, ana watoto, na ana mkopo anaokatwa katika mshahara wake kila mwezi. Je, nini kitampata mwalimu huyu? Jibu linategemea dereva aliyemgonga ni mtu wa namna gani.

Dereva wa kwanza ana bima halali, aliyoilipia kwa fedha zake. Lakini anaogopa, anakanyaga mafuta na kutoweka gizani. Hakuna aliyesoma namba ya gari. Bima ile ipo, imelala ndani ya droo nyumbani kwake, lakini haimfikii mwalimu, kwa kuwa hajulikani wa kushtakiwa wala kampuni ya kudaiwa. Dereva wa pili ni mwungwana. Anasimama, anambeba mwalimu hadi hospitali, anatoa jina lake na anaripoti polisi. Lakini bima ya gari lake ilikwisha muda miezi mitatu iliyopita. Mahakama itampa mwalimu ushindi, naye atarudi nyumbani na karatasi ya hukumu mkononi, maana mshindwa hana mali inayoweza kukamatwa ikauzwa. Ni dereva wa tatu peke yake, yule aliyesimama na ambaye bima yake ni hai, anayemwachia mwalimu njia ya kupata haki yake. Wale wawili wa mwanzo, mmoja kwa woga na mwingine kwa kupuuza, wamemnyang'anya mtu asiye na hatia kitu ambacho sheria ilikwisha kumwekea.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya sheria za Tanzania Bara, haikuacha wajibu wa dereva katika giza. (Zanzibar inazo sheria zake katika jambo hili.) Kwa mujibu wa sheria hiyo, ajali inapotokea kwa sababu ya gari kuwapo barabarani, na mtu akauawa au kuumia, au mali ya mwingine ikaharibika, dereva ana wajibu wa kusimama. Baada ya kusimama anatakiwa amsaidie aliyeumia, atoe jina lake, anwani yake, jina la mwenye gari na namba ya gari kwa mtu mwenye sababu ya haki ya kuyataka hayo, na aifikishe taarifa ya ajali kwa polisi mapema iwezekanavyo. Asiyefanya hivyo ametenda kosa jinai, na kosa hilo linasimama peke yake. Hata kama ajali haikusababishwa na dereva, hata kama aliyegongwa ndiye aliyekatiza barabara bila kutazama, dereva aliyekimbia amevunja sheria kwa kule kukimbia kwake.

Hapa ndipo madereva wengi wanapokosea. Wanadhani kwamba kusimama ni kukiri kosa. La hasha. Kusimama ni kutoa nafasi ya kosa kuchunguzwa, na uchunguzi huo unaweza kumtoa dereva katika lawama. Askari wa usalama barabarani anapofika, hupima barabara, huchora ramani ya tukio, hutazama alama za breki na huandika maneno ya walioona. Vyote hivyo ni ushahidi, na ushahidi haumsaidii majeruhi pekee. Dereva asiye na kosa ambaye amekimbia ameitupa silaha yake mwenyewe ya kujitetea, na hakimu atakayemsikiliza baadaye atakuwa na sababu nzuri ya kujiuliza: kama hukukosa, ulikimbia nini?

Hali kadhalika majeruhi naye asikae kimya. Taarifa ya polisi na fomu ya polisi namba 3, ile ambayo kila mtu anaifahamu kwa jina la PF3, ndiyo mwanzo wa kumbukumbu za madai yake. Dai la madhara kwa njia ya mahakama lina ukomo wa miaka 3. Wengi hukaa wakiuguza majeraha, wakisubiri ahadi za dereva na za jamaa zake, na wanapozinduka mlango umekwisha kufungwa.

Mtu wa tatu ni nani?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, pasipo bima inayohusu madhara ya mtu wa tatu. Maneno haya "mtu wa tatu" yamezoeleka midomoni lakini hayaeleweki na wote. Mtu wa kwanza ni mwenye kukata bima. Wa pili ni kampuni iliyoitoa. Wa tatu ni mwingine yeyote ambaye huenda akaumizwa na gari hilo: mwenda kwa miguu, mpanda baiskeli, mtoto anayetoka shule. Huyu wa tatu hakutia saini mkataba, hakulipa hata senti moja, na aghalabu hajui kwamba mkataba huo upo. Hata hivyo, yeye ndiye sheria iliyemfikiria ilipoufanya mkataba huo kuwa wa lazima.

Ndiyo sababu bima hii, ambayo watu huiita "bima ndogo", haifanani na bima nyingine. Mtu akikata "bima kubwa" analinda gari lake, na hilo ni hiari yake. Bima ndogo inawalinda wengine dhidi yake, na hiyo si hiari. Sheria imekwenda mbali zaidi. Majeruhi akishapata hukumu dhidi ya mwenye bima, kampuni ya bima ndiyo inayotakiwa kulipa, mradi imepewa taarifa ya shauri kwa wakati. Basi wakili au jamaa wa majeruhi anayesahau kuipa kampuni taarifa ya kesi anaweza kushinda mahakamani na kushindwa malipo.

Ni vizuri pia tukumbuke tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha, katika mwezi wa Februari 1967, biashara ya bima nchini iliondolewa mikononi mwa makampuni ya watu binafsi, ambayo mengi yalikuwa ya kigeni, ikawekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa lililokuwa limeanzishwa mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua tena mlango kwa makampuni binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mtu anaweza kujadili mengi juu ya mabadiliko hayo. Lakini fikra moja iliyokuwa nyuma ya uamuzi wa 1967 haijachakaa: fedha za bima ni fedha za watu wengi zilizokusanywa pamoja ili mmoja wao akifikwa na msiba asiangamie. Kampuni inayomzungusha mjane kwa miezi na miaka, leo ikitaka karatasi hii na kesho ile, inayala matunda ya sheria inayowalazimisha wananchi kununua bidhaa yake, huku ikiukwepa mzigo uliofanya sheria hiyo itungwe.

Yuko pia mkosaji mwingine, naye ni yule anayenunua stika ya bandia kwa kijana wa mtaani kwa sababu ni rahisi. Huyo anaitafuta karatasi ya kumridhisha askari, hatafuti bima. Siku hizi uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwa namba ya usajili wa gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kwa hiyo neno "nilidanganywa" limebaki na uzito mdogo sana.

Vivyo hivyo kwa wenye pikipiki. Bodaboda ni chombo cha moto kama gari, na sheria inaihusu. Mwenye pikipiki humkabidhi kijana chombo, akamwekea hesabu ya kila siku, na akadai hesabu hiyo bila kukosa siku moja. Bima ikiisha, tajiri anasema ni kazi ya kijana, na kijana anasema chombo si chake. Siku abiria anapovunjika, wote wawili wanatazamana. Anayeruhusu chombo chake kitumike bila bima ni mkosaji sawa na anayekiendesha.

"Tumalizane hapa hapa"

Umezuka utaratibu wa kumaliza ajali kando ya barabara. Dereva anatoa noti chache, majeruhi anazipokea, wanapeana mikono, na mashahidi wanatawanyika. Kwa taa iliyopasuka au bodi iliyobonyea pasipo mtu kuumia, pengine hapana ubaya mkubwa watu wazima wakielewana. Lakini kwa mwili wa binadamu, utaratibu huo ni hatari. Aliyegongwa huwa hajui ameumia kiasi gani. Maumivu ya kichwa anayoyaona ya kawaida yanaweza kuwa damu inayovuja ndani. Goti lililovimba kidogo Jumatatu linaweza kuhitaji kupasuliwa ifikapo Ijumaa. Akisharudi kudai, hukuta dereva amebadili namba ya simu, polisi hawana taarifa na kampuni ya bima haijui lolote.

Dereva naye hujidhuru. Mikataba ya bima kwa kawaida humtaka mwenye bima aiarifu kampuni mapema, na humkataza kukubali lawama au kuahidi malipo pasipo idhini ya kampuni. Anayemalizana kienyeji anaweza kujikuta ameivunja kinga aliyoilipia mwaka mzima.

Wananchi wenye hasira

Haitakuwa haki kuwalaumu madereva peke yao. Wapo madereva wanaokimbia kwa sababu wanajua kitakachowapata wakisimama. Kundi la watu hukusanyika kwa dakika chache, hapana anayeuliza kosa ni la nani, mawe yanaanza kurushwa na gari linatiwa moto. Magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ni cheo kinachompa mtu ruhusa ya kuua. Kila dereva anayepigwa baada ya kusimama huwa somo kwa madereva wengine kumi kwamba kusimama ni ujinga. Kwa hiyo anayempiga dereva leo anamwandalia mtoto wake mwenyewe dereva atakayekimbia kesho.

Dereva anayeona kwa sababu za kweli kwamba maisha yake yamo hatarini, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu, akajisalimisha na kueleza yaliyotokea, huyo kwa maoni yangu hakuikimbia ajali. Ameikimbilia sheria. Aliyekimbia ni yule aliyekwenda nyumbani, akaosha gari, akafunga mdomo.

Nchi yetu imeona ubaya na uzuri wa watu wanaokuta ajali. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilianguka, na watu wakalikimbilia kuchota mafuta. Moto ulilipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni huko Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walinusurika, na katika kunusurika kwao walikuwamo wapita njia waliosimama, wakiwamo wageni kutoka Marekani waliokuwa safarini, wakashuka korongoni kuwatafuta walio hai. Sheria ilimlazimisha nani kati yao kusimama? Walilazimishwa na utu. Ikiwa mpita njia asiyehusika anaweza kusimama, aliyegonga ana neno gani la kujitetea?

Magari ya umma

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watumishi wa umma, halina budi kusemwa hili pia. Namba za STK au za shirika la umma hazimwondolei dereva wajibu wa kusimama, wala hazimpi bosi aliyeketi kiti cha nyuma haki ya kusema, "Twende, tumechelewa mkutano." Mwananchi aliyeumizwa na gari la serikali anaweza kuishtaki serikali, lakini kwa utaratibu wa Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 hana budi kutoa kwanza notisi ya siku 90. Mkulima wa kijijini atazijuaje siku hizo 90? Mtumishi mwema humweleza, na humwandikia namba ya gari na jina la ofisi kwenye karatasi. Mtumishi mbaya hufunga kioo.

Tufanye nini?

Kwanza, walimu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba ajali hizo ndizo sababu kubwa ya kwanza ya vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ndio unaokaa madarasani mwetu. Tunamfundisha mtoto kutazama kulia, kushoto, na kulia tena. Tumwongezee jambo moja: akiona gari limegonga, asome namba yake, aikariri, na amwambie mtu mzima. Namba iliyokaririwa na mtoto inaweza kuwa tofauti kati ya familia iliyolipwa na familia iliyoangamia.

Pili, wenye magari na wakuu wa ofisi. Tarehe ya mwisho wa bima iandikwe mahali inapoonekana, kama ile ya kubadili oili. Gari ambalo bima yake imekwisha lisitoke getini, hata kwa safari ya kwenda dukani.

Tatu, wenye mamlaka. Bima yetu imejengwa juu ya gari linalojulikana, na mtu aliyegongwa na gari lisilojulikana anaachwa nje ya ukuta huo. Wenzetu wa Afrika ya Kusini, Namibia na Botswana wana mifuko ya ajali za barabarani inayopata fedha kutokana na tozo ya mafuta. Mifuko hiyo ina matatizo yake, na ule wa Afrika ya Kusini umeelemewa na madeni. Lakini fikra ya kwamba kila anayenunua mafuta achangie kidogo kwa ajili ya aliyeachwa barabarani inastahili kupimwa hapa kwetu, kwa makini na bila haraka.

Hata hivyo, hapana mfuko utakaochukua nafasi ya dereva mwenye dhamiri. Mfuko unalipa fedha, lakini hauwezi kuifunga damu inayotoka katika dakika kumi za mwanzo. Anayeweza kufanya hivyo ni mtu mmoja tu, yule aliyekuwapo kabla ya mwingine yeyote, naye ndiye aliyeshika usukani.

Basi, ndugu dereva, siku utakapofikwa, na Mungu aiepushe, usianze kwa methali. Zima injini, shuka, na ulitaje jina lako.